Je, filamu ya vita vya Troy inaweza kukosea historia?

*"Mimi ni mwalimu wa fasihi katika shule ya sekondari na nasimamia klabu ya filamu. Mwezi uliopita tulitazama Troy, ile ya mwaka 2004, na ubishi uliozuka siku ile haujaisha hadi leo. Mwanafunzi mmoja alisema filamu ni uongo mtupu: farasi wa mbao hayumo kwenye Iliad, utenzi wa Homer, na mavazi si ya zama zile. Mwingine akamjibu kwamba yote ni hekaya, kwa hiyo hakuna cha usahihi wala makosa. Wa tatu akasema yupo Mjerumani aliyeuchimba mji wenyewe na kuthibitisha kila kitu. Nami sikujua niseme nini. Halafu yupo binti mmoja ambaye familia yake ilikimbia vita mashariki ya Congo. Mji ulipoanza kuchomwa alitoka nje na hakurudi. Tulikuwa tumepanga kuandika mchezo wetu wa jukwaani kutokana na hadithi za namna hii, na sasa nasitasita. Je, kuna usahihi wa kihistoria katika filamu ya kisasili? Nikiwaonyesha filamu yenye makosa, nawapotosha?"*

Mwalimu, wanafunzi wako watatu kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Wanachokosea ni kubishana kana kwamba wanazungumzia kitu kimoja. Nitajibu hoja zao mojamoja, kisha nitarudi kwa binti aliyetoka nje, maana hakusema neno lakini lake ndilo lililonikaa moyoni nilipomaliza kusoma barua yako.

Tuanze na neno ulilotumia. Darasani unafundisha kwamba kisasili hueleza asili ya mambo, na mighani ni masimulizi ya shujaa ambaye jamii inaamini aliishi. Hadithi ya Zeus kumpindua baba yake Cronus ni kisasili. Vita vya Troy, ambamo Wagiriki waliuzingira mji huo kwa sababu Paris, mwana wa mfalme wake, alimchukua Helen, mke wa Menelaus wa Sparta, ni mighani. Wagiriki wa kale hawakuwa na shaka kwamba vita hivyo vilipiganwa. Thucydides, mwanahistoria mkali wa karne ya 5 kabla ya Kristo (KK), alipunguza chumvi ya washairi, lakini vita vyenyewe hakuvikana. Eratosthenes, msimamizi wa maktaba ya Alexandria, alikaa chini akapiga hesabu hadi akapata mwaka wa kuanguka kwa mji: 1184 KK. Kwa hiyo anayesema "ni hekaya tu" anawasemea Wagiriki jambo ambalo wao hawakulisema.

Sasa mchukue Fumo Liyongo, ambaye wanafunzi wako wanamjua. Utendi wake uliotungwa na Muhamadi Kijumwa ni wa mwaka 1913, lakini shujaa mwenyewe ni wa zamani sana, na wataalamu wametofautiana kwa mamia ya miaka kuhusu zama alizoishi. Tuseme mtu anatengeneza filamu ya Liyongo na kumpa bastola. Utasema amekosea. Tuseme mwingine anamvika vizuri, anampa upinde wake, lakini anamfanya afe kwa homa badala ya sindano ya shaba aliyochomwa kitovuni na mwanawe. Utasema naye amekosea. Lakini makosa hayo hayafanani hata kidogo. Wa kwanza amekosea zama. Wa pili amekosea masimulizi. Mtu akikuambia filamu fulani "si sahihi", swali la kumrudishia ni hili: si sahihi kwa lipi?

Tumchukue mwanafunzi wa kwanza, yule wa farasi. Amesema kweli: katika Iliad farasi wa mbao hayumo. Shairi hilo lina beti ndefu zaidi ya 15,000 za mstari mmojammoja, na bado linasimulia wiki chache tu za mwaka wa kumi wa vita. Linaanza na hasira ya Achilles, shujaa mkuu wa Wagiriki, linaishia kwenye mazishi ya Hector, mwana wa mfalme Priam wa Troy. Achilles yu hai, mji umesimama. Farasi, ambaye ndani yake askari wa Kigiriki walijificha ili waingie mjini, anatajwa katika Odyssey, utenzi wa Homer kuhusu Odysseus kurudi nyumbani, na anasimuliwa kwa kirefu katika kitabu cha pili cha Aeneid ya Virgil, Mrumi wa karne ya 1 KK. Zilikuwepo pia tenzi nyingine za Kigiriki zilizosimulia vita hivyo mwanzo hadi mwisho. Zimepotea, tumebaki na muhtasari na vipande. Filamu ya Troy haikuahidi Iliad peke yake. Imechota kwenye kisima kizima cha masimulizi, kama Wagiriki wenyewe walivyochota.

Hata kisigino cha Achilles, ambacho dunia nzima inakijua kuwa mahali pekee alipoweza kuuawa, Homer hakijui. Katika kitabu cha 21 cha Iliad mkuki unamparuza Achilles mkononi na damu inatoka, kama mtu yeyote. Maandishi ya zamani zaidi tuliyonayo yanayosema mama yake alimzamisha katika maji ya mto Styx ni ya Statius, Mrumi wa karne ya 1 baada ya Kristo, yaani takriban miaka 800 baada ya Homer. Na hapa filamu imefanya jambo la busara ambalo watazamaji wengi hulikosa. Paris anampiga Achilles mshale wa kisigino, kisha mishale mingine kifuani. Achilles anaing'oa ya kifuani mmojammoja kabla ya kuanguka. Wenzake wanapofika, wanakuta mshale mmoja tu, wa kisiginoni. Warudishie wanafunzi dakika hiyo moja. Imeonyesha mighani inavyozaliwa: watu wanasimulia walichokikuta.

Masimulizi haya hayajawahi kuwa na sura moja. Mshairi Stesichorus alisema Helen hakufika Troy kamwe, kilichokwenda ni kivuli chake. Herodotus aliandika kwamba makuhani wa Misri walimwambia Helen alikuwa kwao muda wote wa vita. Euripides akaijenga tamthilia nzima juu ya wazo hilo, mwaka 412 KK. Kwa hiyo kubadilisha si dhambi. Kuna mabadiliko, hata hivyo, yanayobomoa nyumba, na hapo nina ugomvi wa kweli na filamu hii.

Katika filamu, Hector anamuua Menelaus. Katika Odyssey Menelaus yuko nyumbani Sparta miaka kumi baada ya vita, ameketi na Helen, wanampokea mgeni na kulia pamoja kwa kuwakumbuka waliokufa. Wanandoa waliosababisha yote hayo wanazeeka nyumba moja. Unapomuua Menelaus mapema unaipoteza picha hiyo, ambayo kwangu ni kati ya zinazochoma zaidi katika fasihi yote ya kale. Agamemnon, kaka yake na kiongozi wa jeshi la Wagiriki, naye anachomwa kisu na Briseis, mwanamke aliyetekwa, humohumo Troy. Katika masimulizi anarudi nyumbani akiwa mshindi, anauawa na mkewe Clytemnestra pamoja na mpenzi wake, kwa sababu alimtoa binti yao kafara ili apate upepo wa kusafiria. Kisha mtoto wa kiume analipiza kisasi kwa mama yake mzazi. Tamthilia tatu za Aeschylus za mwaka 458 KK zimesimama juu ya kifo hicho. Filamu imempa mtazamaji furaha ya dakika moja ya kumwona mbaya akiadhibiwa, na imefuta swali la mtoto wa kafara.

Miungu nayo imeondolewa. Namwelewa mwongozaji Wolfgang Petersen: miungu inayobishana juu ya mawingu ingeweza kuonekana kichekesho kwenye skrini. Lakini ona kinachotokea. Katika Iliad, Patroclus, rafiki mpenzi wa Achilles, anapokufa, mungu Apollo anampiga mgongoni kwa kiganja, chapeo, kofia yake ya vita, inamtoka, deraya, vazi la kukinga mwili, inamfunguka, anasimama kapigwa bumbuwazi. Mtu wa kwanza anamchoma mkuki, Hector anammalizia. Hector anajisifu, na Patroclus anayekata roho anamwambia: wewe ni wa tatu tu kuniua. Bila miungu, kila kifo kinahitaji mhusika mmoja mwenye sababu inayoeleweka, ndiyo maana Agamemnon wa filamu akafanywa mfalme mwenye uchu wa kujenga dola. Shairi linalosema binadamu hana mamlaka juu ya maisha yake limegeuka hadithi ya siasa.

Sasa mwanafunzi wa pili, anayesema kwenye hekaya hakuna makosa. Huyu ndiye ningependa kukaa naye zaidi, kwa sababu jibu lake liko ndani ya jinsi tenzi zinavyotungwa, na wewe unalifundisha hilo kila wiki.

Majumba ya kifalme ya Ugiriki ya kale zaidi, Mycenae, Pylos na mengineyo, yaliungua karibu na mwaka 1200 KK. Ujuzi wao wa kuandika ukapotea pamoja nayo. Homer, au wale tunaowaita Homer, walitunga katika karne ya 8 KK. Katikati kuna zaidi ya miaka 400 bila kalamu. Kilichovuka pengo hilo ni vinywa vya waimbaji. Miaka ya 1930 mtafiti Milman Parry alikwenda Yugoslavia kurekodi waimbaji wasiojua kusoma ambao waliweza kuimba tenzi ndefu ajabu, na akaonyesha siri yao: hawakukariri neno kwa neno. Walikuwa na akiba ya vifungu tayari vinavyoingia kwenye mizani. Malenga wetu anaelewa hili bila kuelezwa. Anayetunga utendi, mwenye mizani nane katika kila kipande na kina cha bahari cha kutimiza, ana mafungu ya maneno yanayomjia yenyewe. Kwa Homer, Achilles ni "mwenye miguu myepesi" hata anapokuwa ameketi kando ya merikebu zake akinuna. Kifungu kimekaa kwenye mizani, basi hakibanduki.

Kinachofuata ni cha ajabu. Kifungu kisichobanduka hubeba vitu vya kale ndani yake. Katika kitabu cha 10 Odysseus anapewa chapeo: ndani ina kamba za ngozi zilizokazwa, katikati imewekwa sufu nzito iliyoshindiliwa, na nje imezungushiwa meno meupe ya nguruwe mwitu, yamepangwa kwa ustadi upande huu na upande huu. Hakuna aliyevaa kitu kama hicho wakati wa Homer. Zilikuwa zimekwisha kutumika karne nyingi nyuma. Kisha wachimbaji wakafungua makaburi ya zama za Mycenae na kuyakuta meno hayo, yamekatwa na kutobolewa matundu ya kushonea. Shairi lilikuwa limekumbuka kitu ambacho watu walikuwa wamekisahau.

Lakini shairi hilohilo linawachoma moto maiti wa mashujaa wake, wakati watu wa Mycenae kwa kawaida walizika. Silaha ni za shaba iliyochanganywa na bati, na papo hapo chuma kinatajwa kama kitu cha kawaida. Homer mwenyewe amechanganya zama. Hata kwetu ndivyo. Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728 na unasimulia vita vikubwa dhidi ya Herekali, yule mfalme Heraclius wa Wagiriki wa Konstantinopoli. Msafara wenyewe wa Tabuk ulikuwa mwaka 630, na historia inaeleza kwamba jeshi lilifika huko likarudi bila kupambana na jeshi la Herekali. Hatumwiti Bwana Mwengo mwongo. Tunajua utendi hufanya kazi gani.

Kwa hiyo mtengenezaji wa filamu ana njia zaidi ya moja zilizo halali. Anaweza kuvika watu kama mwaka 1200 KK, kwa kufuata makaburi na michoro ya ukutani. Anaweza kuwavika kama zama za Homer. Anaweza hata kufuata wachoraji wa vyungu wa Athens, ambao waliwachora Achilles na Hector wakiwa na silaha za askari wa siku zao wenyewe. Nisichokubali ni kuchanganya bila kujua kwamba unachanganya. Katika filamu ya Troy maiti wanawekewa sarafu machoni. Sarafu zilianza Lydia, magharibi ya Uturuki ya leo, kama miaka 600 baada ya vita hivyo. Na filamu nyingi za Ugiriki hujaza nguzo nyeupe za marumaru. Parthenon ilianza kujengwa mwaka 447 KK, zaidi ya miaka 700 baada ya Troy, na wala haikuwa nyeupe tupu, ilipakwa rangi. Wanafunzi wapate kipimo cha umbali huo: ni kama kutengeneza filamu ya Kilwa ya mwaka 1331, Ibn Battuta alipofika, halafu nyuma ya sultani ukaweka jengo la ghorofa lenye vioo. Majumba ya Mycenae yalikuwa na kuta za mawe makubwa mno hata vizazi vya baadaye vikasema yalibebwa na majitu, na ndani nguzo zilikuwa za mbao zilizopakwa rangi, nyembamba chini, nene juu. Ni mazuri kuliko marumaru ya sinema, na karibu hakuna anayeyaonyesha.

Kuhusu silaha, waambie habari moja itakayowafurahisha. Mwaka 1960 huko Dendra, karibu na Mycenae, ilipatikana deraya nzima ya mabamba ya shaba ya karne ya 15 KK. Wengi waliitazama wakasema ni pambo la sherehe, mtu hawezi kupigana ndani ya mzigo kama huo. Watafiti wakatengeneza nakala, wakawavika wanajeshi 13 wa Ugiriki, wakawaendesha saa 11 za mapigano ya kuigiza yaliyopangwa kwa kufuata Iliad, na matokeo yakachapishwa mwaka 2024: inawezekana. Hapo shairi lilitumika kujaribia kitu, na kitu kikalijaribu shairi.

Kwa nini nakazania chapeo na deraya? Kwa sababu ya kitabu cha 6. Hector anakutana na mkewe Andromache langoni, yaya amembeba mtoto wao mchanga. Hector ananyoosha mikono kumchukua, na mtoto anapiga kelele na kujificha kifuani mwa yaya, ameogopa shaba na lile shungi la manyoya ya farasi linalotikisika juu ya kichwa cha baba yake. Wazazi wanacheka. Hector anaivua chapeo, anaiweka chini iking'aa, kisha anambusu mtoto. Mbunifu wa mavazi akitengeneza chapeo isiyoweza kumtisha mtoto mchanga, ameua onyesho hilo hata kama amenakili kitu cha makumbusho. Akitengeneza inayotisha, nitamsamehe karne mbili tatu.

Na kuna kosa moja la filamu nyingi ambalo kwetu lina uzito wake. Washairi wa Kigiriki walimweka Memnon, mfalme wa Waethiopia, Troy akiwa mshirika wa Priam, shujaa aliyemtoa Achilles jasho kabla ya kuuawa. Katika kitabu cha 19 cha Odyssey, Eurybates, mjumbe wa Odysseus, ameelezwa kuwa na ngozi nyeusi na nywele za kipilipili, na kwamba Odysseus alimheshimu kuliko wenzake wote. Andromeda, aliyeokolewa na shujaa Perseus katika hadithi nyingine ya Kigiriki, alikuwa binti wa mfalme wa Aithiopia. Filamu ya mwaka 1981 kuhusu Perseus ikampeleka Joppa, na ile ya 2010 ikamfanya binti wa Argos, Ugiriki. Jina hilo la Aithiopia kwa Wagiriki lilikuwa pana, halikuwa na mipaka ya Ethiopia ya leo, na wachoraji wao hawakumchora Andromeda kwa namna moja. Lakini watu weusi wamo kwenye maandishi yenyewe, na mwanafunzi wako ana haki ya kujua hilo kabla ya kuambiwa kwamba kumwona mtu mweusi kwenye filamu ya Kigiriki ni uzushi wa leo.

Kwa yule wa tatu nitakuwa mfupi zaidi. Mjerumani anayemsema ni Heinrich Schliemann, aliyechimba kilima cha Hisarlik huko Uturuki kuanzia miaka ya 1870. Frank Calvert, aliyekuwa akiishi eneo lile, alikwisha kuanza kuchimba hapo na ndiye aliyemwelekeza. Kilima kile ni mji juu ya mji juu ya mji, tabaka kuu tisa. Schliemann alitoboa handaki kubwa kwenda chini, akapata dhahabu mwaka 1873, akaiita hazina ya Priam. Ilikuwa ya tabaka la pili, zaidi ya miaka 1,000 kabla ya Priam yeyote. Katika kushuka huko alibomoa sehemu ya tabaka alizokuwa akizitafuta.

Hata hivyo mji wa zama zinazofaa upo palepale. Mmoja uliangamia kwa moto karibu na mwaka 1180 KK, na kuna dalili za mapigano. Nyaraka za Wahiti, dola kubwa ya jirani, zinautaja mji wa Wilusa katika eneo hilo, na mfalme wake aliyeitwa Alaksandu aliyefanya mkataba nao karibu na mwaka 1280 KK. Paris kwa jina lake jingine ni Alexandros. Tangu Michael Ventris alipofumbua Linear B, mwandiko wa Kigiriki wa zama za Mycenae, mwaka 1952, tunalisoma jina la Achilles kwenye vibao vya udongo, jina la mtu wa kawaida tu, kama Juma. Hayo yanatosha kusema hadithi haikutoka hewani. Hayatoshi kumthibitisha Helen, wala farasi. Nilipofika Hisarlik niliwakuta wageni wakipanda farasi mkubwa wa mbao getini, wanapiga picha. Amejengwa kwa ajili ya watalii. Farasi mwingine, yule aliyetumika kwenye filamu, amesimama ufukweni Çanakkale, mwendo mfupi kutoka hapo. Kuta halisi za mawe zilizoinama kidogo kama zinaegemea kilima, hazikuwa na mtu.

Je, unawapotosha kwa kuwaonyesha? Hapana, ukiwaonyesha kama usomaji mmoja kati ya mingi. Filamu ina urefu wa dakika 163 na Marekani iliiweka kundi R, maana yake aliye chini ya miaka 17 aingie na mzazi au mlezi. Angalia na uainishaji wa bodi ya filamu ya nchi yako kabla ya kuirudia. Mimi nisingeionyesha yote. Ningechukua onyesho moja: usiku ule mfalme Priam anapoingia peke yake kambini kwa Achilles, anapiga magoti na kubusu mikono iliyomuua mwanawe, akiomba maiti. Filamu imelitendea haki kwa kiasi kikubwa. Soma kwanza kitabu cha 24 pamoja nao, muone Achilles anavyomkumbuka baba yake mzee na kulia, na wale maadui wawili wanalia chumba kimoja, kila mmoja kwa lake. Kisha watazame. Kisha waulize kilichoongezwa na kilichopunguzwa.

Mchezo wa jukwaani endelea nao. Kama mtaamua kuchukua Liyongo badala ya Achilles, msitegemee mtandao. Waandikie makumbusho ya Lamu, na kama mko karibu na Dar es Salaam, nendeni Taasisi ya Taaluma za Kiswahili pale Chuo Kikuu, kuna miswada ya tenzi iliyohifadhiwa na watu wanaoisoma. Kuhusu mavazi na vyombo, mwanaakiolojia wa pwani atawaokoa na makosa mengi kwa mazungumzo ya saa moja ana kwa ana. Wazee wa Kipini na Lamu nao wana Liyongo wao, ambaye huenda hafanani na wa kitabuni. Andikeni tofauti hizo, msizifiche.

Sasa yule binti. Mwaka 416 KK Athens iliteka kisiwa kidogo cha Melos, ikawaua wanaume na kuwauza wanawake na watoto utumwani. Mwaka uliofuata, 415, Euripides aliwaketisha Waathens hao hao mbele ya tamthilia ya wanawake wa Troy siku moja baada ya mji kuanguka: mama wanaogawiwa kama mali, na mtoto wa Hector, yule aliyeogopa chapeo, anachukuliwa kwenda kutupwa kutoka ukutani. Melos haitajwi hata mara moja. Filamu imempa mtoto huyo njia ya chini ya ardhi, anaponea mikononi mwa mama yake. Ni huruma, naielewa, lakini ni hapo ilipokwenda mbali zaidi na kilichotokea kwa watu wa miji iliyotekwa, wakati ule na sasa. Binti yako alihitaji sekunde chache tu za moto ule kukumbuka kilichofuata.

Zungumza naye peke yake, si mbele ya wenzake, na usimwombe aeleze. Mwambie uliona alipotoka, na kwamba hukuwaonya kabla, na kwamba utawaonya siku nyingine. Ukisikia hapati usingizi vizuri, au anashtuka kwa sauti, au amejitenga na rafiki zake, hilo halitatuliwi na klabu ya filamu wala na mimi. Mpeleke kwa mshauri nasaha wa shule, azungumze na wazazi wake, na ikibidi wafike kituo cha afya chenye mtu wa afya ya akili, mapema. Kwenye mchezo wenu mwache achague sehemu yake mwenyewe, hata kama atachagua kushona mavazi tu. Na sehemu ile ya filamu, kuanzia farasi anapoingizwa mjini, msiirudie darasani.